Jukwaa la Ngomeni na Hesabu ya Mita 465

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA ya kusaka eksirei zinazotoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa heshima ya siku ile iliitwa Uhuru. Iliacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyekuwa kinara wa utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Anayezungumzia Afrika Mashariki na anga za mbali huanzia hapo, na ana haki.

Sasa Umoja wa Afrika una Shirika la Anga la Afrika, lililozinduliwa rasmi Cairo mwezi Aprili 2025, na swali la zamani limepata uhai mpya: bara lenye shirika lake la pamoja litarushia wapi? Kuna wanaosema jibu liko Ngomeni, kwamba majukwaa yake ya baharini, San Marco na Santa Rita, yafufuliwe, au kijengwe kituo kipya pwani hiyo hiyo. Wengine wanasema tuache kwanza habari ya kurusha, pesa ziende kwa watu, data na vituo vya kupokea mawimbi. Hawa wa pili huitwa waoga, mara nyingine hata wasiopenda Afrika. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Nianze na wanaotaka jukwaa, kwa sababu hoja zao si za kupuuzwa. Mashariki ya Ngomeni ni maji matupu kwa maelfu ya kilomita, kwa hiyo roketi ikiharibika njiani haiangukii paa la mtu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa pale, na zote tisa zilifika. Halafu kuna suala la kujitawala. Mwezi Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipaa kutoka California baada ya safari kuahirishwa zaidi ya mara moja, na Nairobi ilichoweza kufanya ni kungoja. Hata wakubwa hupatikana na hili: mwaka 2022 Urusi ilipoondoa wataalamu wake wa roketi za Soyuz kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, setilaiti za Ulaya zilibaki zimekwama chini. Msafiri wa lifti hupangiwa saa na mwenye gari.

Jawabu la kawaida dhidi ya hoja hizi ni lile la njaa: watu hawana maji, ninyi mnawaza roketi. Siliungi mkono. Taarifa za ukame na mafuriko hutoka angani, na anayetenganisha anga na njaa hajui data ya mvua inapatikanaje. Ubishi wenye maana uko kwenye Ikweta yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo nguzo inayobeba ndoto yote ya Ngomeni.

Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kwenye Ikweta ardhi inakwenda takriban mita 465 kila sekunde, na roketi inayoelekea mashariki huondoka ikiwa tayari na mwendo huo kibindoni. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, hivyo inaupata karibu wote. Hii ndiyo zawadi tunayoisifu kila siku. Tuipime. Setilaiti inayozunguka karibu na Dunia inahitaji mwendo wa takriban mita 7,800 kwa sekunde ili isianguke. Zawadi yetu ni asilimia 6 ya hapo. Florida, iliyo nyuzi 28.5 kaskazini, hupata takriban mita 408. Kwa hiyo tunachowazidi Wamarekani, kile tunachokiita bahati ya kijiografia isiyo na mfano, ni mita 57 hivi kwa sekunde, pungufu ya asilimia 1 ya mwendo unaotakiwa. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea. Injini iliyo bora kidogo tu, au bodi la roketi lililopunguzwa uzito, linaifidia tofauti hiyo.

Ni kweli zipo setilaiti ambazo Ikweta inazifaa zaidi. Zile za mawasiliano, zinazokaa kama kilomita 36,000 juu na kuonekana zimesimama mahali pamoja, zikitokea Kourou zinaokoa takriban mita 300 kwa sekunde ya msukumo zikilinganishwa na za Florida, na mafuta yaliyookolewa huongeza miaka ya kazi. Hapo Ikweta inalipa kweli. Ila nyingi za aina hiyo huwa na uzito wa tani kadhaa na zinadai roketi kubwa. Taifa-1 unaweza kuibeba mikononi.

Tunachokihitaji sasa ni macho: picha za mafuriko ya mto Tana, za malisho ya Turkana, za misitu ya Kongo inavyokatwa. Setilaiti nyingi za kazi hiyo hupita karibu na ncha za Dunia, kaskazini hadi kusini, ili kila eneo lionekane jua likiwa pale pale kila mara. Kwa njia hiyo zile mita 465 hazisaidii kitu. Zinageuka mzigo, kwa sababu roketi inalazimika kuzifuta.

Na ramani inasema zaidi. Weka rula Ngomeni, ielekeze kusini na kuinamia magharibi kidogo, ambako roketi ya setilaiti kama hiyo ingepaswa kuelekea. Rula inagusa Pemba, inashuka hadi Mafia. Si Dodoma wala Zanzibar itakayokubali roketi ya jirani iangushe viungo vyake vilivyokwisha mafuta katika bahari wanamovua Wapemba. Ukiigeuza kaskazini, unakuta nchi kavu ya Kenya kisha Ethiopia. Mlango wa Ngomeni uko wazi upande wa mashariki tu, na sehemu kubwa ya soko la leo haiendi mashariki. Kampuni ya Rocket Lab ilianza kurusha mwaka 2017 kutoka rasi ya Mahia, New Zealand, nyuzi 39 kusini, mbali kabisa na Ikweta. Ilichokitaka ni bahari wazi pande nyingi na anga lisilo na ndege nyingi. Na kabla ya kulitafuta jukwaa ilikuwa na roketi yake yenyewe.

Watetezi wa Ngomeni wana jibu hapa, na ndilo bora walilonalo. Setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta, wanasema, hupita juu yetu zaidi ya mara kumi kwa siku, ilhali ile ya kupita nchani hukaa siku kadhaa kabla ya kurudi mahali pale pale. Kwa nchi za tropiki hilo ni jambo kubwa, na mawingu yetu yanalifanya liwe kubwa zaidi. Nakubaliana nao kabisa kuhusu njia hiyo. Sikubaliani nao kwamba njia hiyo inadai jukwaa letu. Malaysia, iliyo jirani wa Ikweta kama sisi, iliitaka, na mwaka 2009 RazakSAT yake ilirushwa kutoka Kwajalein katika Pasifiki. Singapore ilipeleka TeLEOS-1 mwaka 2015 kwa roketi ya India. Walinunua nafasi, pesa zao wakaziweka kwenye chombo chenyewe na kwa wahandisi.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote unatuhusu sisi. Desemba 2021 Marekani na Italia zilirusha IXPE, darubini ya eksirei, mjukuu halisi wa Uhuru. Ilikusudiwa kuzunguka juu ya Ikweta kabisa. Mwaka 1970 kazi hiyo ililetwa Ngomeni kwa sababu Scout ilikuwa roketi ndogo, isiyo na nguvu za kupoteza. Mwaka 2021 roketi ya Falcon 9 iliondoka Florida, ikapinda njia angani hadi Ikweta, na nguvu ikatosha. Setilaiti ikishafika huko, data zake zinashukia wapi? Malindi. Antena za kituo cha Italia kilichopo nchi kavu ndizo zinazozipokea. Darubini nyingine za angani, NuSTAR, Swift, na AGILE ya Waitalia, nazo zimekitumia kituo hicho, na roketi za Ariane zikiondoka Kourou husikilizwa kutoka hapo zikivuka Afrika.

Ikweta ya kurushia imepungua thamani, ya kusikilizia imebaki pale pale. Roketi yenye nguvu inaweza kufidia mahali ilipoanzia. Setilaiti inayozunguka karibu na Dunia juu ya Ikweta haiwezi kuzungumza na antena ya Texas, kwa sababu haipiti machoni pake, na hakuna injini itakayobadilisha hilo.

Turudi kwenye zile setilaiti tisa, kwa maana rekodi hiyo hutumiwa kama ushahidi wa upande mmoja tu. Nne zilikuwa za Italia, nne za Marekani, moja ya Uingereza. Roketi zote zilitengenezwa Texas. Mpango ulikuwa wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, mtu mwenye maono ninayemheshimu sana. Kenya ilitoa bahari. Ya mwisho ilipaa tarehe 25 Machi 1988, kisha majukwaa yakanyamaza. Ilipita miaka 30 kabla ya setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kuachiwa angani mwezi Mei 2018 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa msaada wa Japani. Iliyoizaa ni darasa: wanafunzi na walimu wa Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Roma. Jukwaa halikuwa na mchango. Nguo ya kuazima haisitiri, na jukwaa la roketi za watu ni nguo ya kuazima hata likiwa kwenye maji yako.

Ardhi nayo ina simulizi zake. Huko jimbo la Shaba, Kongo ya Mobutu, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa katika miaka ya 1970 eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 kwa majaribio ya roketi. Ile ya Juni 1978 ilianguka mbele ya macho ya rais mwenyewe, na mwaka uliofuata kampuni ikaondoka. Alcântara, Brazili, nyuzi 2 na kidogo kusini ya Ikweta, ndipo panapofanana zaidi na Ngomeni. Familia 312 za wazao wa watumwa waliotoroka ziliondolewa pwani katika miaka ya 1980, zikapelekwa bara, mbali na maji waliyokuwa wakivua. Roketi za Brazili za 1997 na 1999 zikashindwa, ya 2003 ikalipuka jukwaani na kuua watu 21. Kourou yenyewe, inayotajwa kama mafanikio, mwaka 2017 ilisimamishwa na waandamanaji waliodai hospitali, shule na usalama. Waliikalia ofisi ya kituo cha anga, safari ya Ariane ikangoja.

Ninapoambiwa kuhusu ajira zitakazoletwa Ngomeni, nawafikiria wavuvi wa Ghuba ya Ungwana. Ni eneo mashuhuri la uvuvi wa kamba nchini Kenya. Kila siku ya kurusha bahari hufungwa, na siku ikiahirishwa hufungwa tena. Fidia ya siku isiyovuliwa itapimwa kwa kipimo gani, na nani? Sijaona hesabu hiyo kwenye mipango inayosifiwa.

Kuhusu gharama sitakaa sana. Djibouti ilitia saini Januari 2023 makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong kujenga kituo cha kurushia huko Obock, kwa dola bilioni 1. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule, kituo kimoja ni zaidi ya mara 2,500 ya setilaiti ile.

Kwa hiyo naegemea kwa walioitwa waoga, na ningependa shirika la Cairo na mashirika ya nchi zetu waanzie Malindi kwa namna nyingine. Makubaliano ya Kenya na Italia ya Oktoba 2016, yaliyotiwa saini Trento, yana viambatisho kuhusu mafunzo, upatikanaji wa data na kituo cha kikanda cha kutazama Dunia. Hiyo ndiyo sehemu ya kushikilia. Idadi ya wahandisi wa kanda hii wanaoziendesha zile antena, si kuzilinda getini, itajwe kwa tarakimu na kwa mwaka. Uganda na Rwanda, ambazo nazo zimekwisha peleka setilaiti ndogo, zipate dakika zao za antena bila kupitia Roma. Antena mpya zitakazojengwa ziwe mali ya kanda.

Siku wahandisi hao watakapokuwa na roketi yao iliyojaribiwa, nitakuwa tayari kuusikiliza upya mjadala wa jukwaa, na ramani ile ya Pemba na Mafia iwe mezani tangu kikao cha kwanza, pamoja na wavuvi wa Ngomeni.