Faini ya mabilioni haijasafisha mto

Kila tukisikia mgodi au kiwanda kimepigwa faini ya mabilioni tunashangilia, watu wanaandika safi sana wakomeshwe, alafu wiki ikiisha habari imeisha. Mimi faini kubwa naziunga mkono kabisa, ila inaniuma hela inalipwa na mto unabaki vilevile.

Shuka mto Themi kwa chini, huku Lemara, Arusha, asubuhi. Utakuta akina mama wanamwagilia mchicha na figiri kwa maji ya mto, wanachota na ndoo, siku nyingine yana povu na harufu ya dawa, na mafungu yanaoshwa humohumo kabla ya kupelekwa soko la Kilombero. Nilimuuliza mama mmoja kwanini asisubiri povu lipite, akaniambia mwanangu, nisipomwagilia leo kesho imekauka na watoto wanataka kula. Na maji hayo hayaishii hapo, yanashuka mpaka mto Kikuletwa. Sasa huyu mama umtangazie faini ya bilioni ngapi ndo imsaidie?

Mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, waliupiga mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 sababu ya bwawa la topesumu, yaani matope yenye sumu ya mgodi, kuvuja. Wengi wetu tunakumbuka hiyo hela, lakini muulize mtu maji ya kule yalisafishwaje uone kama atakujibu.

Wenzetu Marekani, kisima cha mafuta cha kampuni ya BP kilivyolipuka 2010 Ghuba ya Mexico watu 11 wakafa, mafuta yakamwagika siku 87, na 2015 kampuni ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 20. Ukubwa wa hela haunishtui sana, tena sehemu kubwa waliruhusiwa kuikata kwenye kodi, kitu ambacho kwangu ni dhuluma kabisa. Kilichonigusa ni kwamba bunge lao 2012 lilishapitisha sheria kwamba asilimia 80 ya faini ya kuchafua maji irudi kwenye majimbo ya pwani yaliyoumia.

Na sisi tuna pa kuanzia jamani! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mbali na faini na kifungo, inaipa mahakama nguvu ya kumwamuru aliyechafua alipe gharama yote ya kusafisha. Hiyo ndo inayouma, maana faini ya milioni 50 kiwanda kikubwa kinaiweka kwenye bajeti kama dizeli ya jenereta na maisha yanaendelea, ila kusafisha mto mzima hawezi kuipangia.

Wanaosema vibarua ndo watapunguzwa kwanza nawaelewa, ni hofu ya kweli, na ndo maana nataka kiwanda kibanwe kijenge mabwawa ya kutibu maji taka kwa tarehe maalum badala ya kufungwa mwezi mmoja na kufunguliwa vilevile.

Kamati za mazingira za mitaa zipo kisheria. Zipewe fungu kwenye hizo faini, maji yapimwe palepale akina mama wanapochota, na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi.