ARISCAT: hesabu rahisi, kidole kigumu

ARISCAT, hesabu ya alama iliyobuniwa Catalonia, Hispania, na kuchapishwa 2010, hukadiria hatari ya nimonia, mapafu kusinyaa au kushindwa kupumua baada ya upasuaji mkubwa. Huuliza mambo saba: umri, oksijeni ya damu (hupimwa kwa kifaa cha kidoleni), maambukizi ya njia ya hewa ndani ya mwezi mmoja, hemoglobini, mahali pa kukatwa, muda wa upasuaji, na udharura. Alama 26 hadi 44 ni hatari ya kati. Kuanzia 45 ni kubwa, na katika utafiti wa awali wagonjwa kama 42 kwa 100 wa kundi hilo walipata matatizo.

Chukua mtu wa miaka 45 ambaye kidonda chake cha tumbo kimetoboka. Oksijeni 94% (alama 8), mkato juu ya tumbo (15), saa mbili na nusu (16), dharura (8): jumla 47. Mpime huku mrija wa oksijeni uko puani, isome 97%, na jumla inashuka hadi 39. Ameshushwa daraja, mapafu ni yaleyale! Apimwe akivuta hewa ya kawaida, kidole kikiwa na joto, bila rangi ya kucha wala piko. Hata hivyo, uchunguzi wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo cha kidoleni ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko Weupe. Kwetu, basi, ile asilimia 42 si ya kuwatajia ndugu wa mgonjwa.

Wanaoipinga ARISCAT wana hoja nzito zaidi: kumjua aliye hatarini pekee hakumwokoi. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa 2018 ulikuta wagonjwa wetu ni vijana zaidi, lakini vifo ni mara mbili ya wastani wa dunia, vingi vikitokea baada ya siku ya upasuaji. Jaribio lililofuata, la kutambua walio hatarini na kuwafuatilia kwa karibu zaidi wodini, halikupunguza vifo.

Mimi bado ningezihesabu alama hizi, mradi zizae kitendo. Australia na New Zealand, somo moja la nusu saa la mazoezi ya kupumua kabla ya upasuaji wa tumbo uliopangwa lilipunguza matatizo ya mapafu kwa nusu. Mwenye kikohozi cha maambukizi na upasuaji unaoweza kungoja, aahirishwe: hizo ni alama 17. Hemoglobini ya gramu 10 kwa desilita au chini ni alama 11, ila usimwongezee damu kwa ajili ya alama tu. Damu yenyewe inaweza kuyadhuru mapafu.