Gari la Minneapolis linalala pazuri, fundi wa Tabata analala kwenye boksi

Kila nikimaliza kazi huku Minneapolis, Marekani, husimama mlangoni dakika mbili tatu kabla ya kukusanya vifaa, nikaitazama sakafu ya epoksi, tabaka gumu kama plastiki ninalomwaga juu ya zege. Inang'aa, haina alama ya rola hata moja, punje za kwatzi, jiwe gumu, zimekaa sawasawa kama mchele uliopetwa. Kisha mwenye nyumba anaingiza gari, anazima injini, anaingia ndani kula. Gari linalala hapo mpaka asubuhi. Miaka tisa nimekula kwa kazi hiyo, kutengeneza malazi ya magari. Na kila nikisimama mlangoni namwona mjomba wangu wa Tabata, amelala chali juu ya boksi la katoni chini ya Noah ya mteja, oili inamdondokea shavuni, na boksi lenyewe limeshaanza kunyonya matope.

Ninachotaka kusema ni hicho. Sakafu nzuri ingetangulia pale mtu anapolaza mgongo wake kutafuta riziki, na kwetu Dar ndipo inapofika mwisho, kama inafika.

Watu wa huku siwalaumu, wana sababu zao. Januari hapa joto linaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Barabarani wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, matairi yanaibeba chumvi hiyo hadi ndani ya banda la gari, na zege linakunywa maji yake. Maji yakiganda hutanuka. Yanayeyuka, yanaganda tena, na baada ya misimu kadhaa uso wa zege unabanduka magamba kama ngozi ya mamba. Epoksi inaziba vinyweleo vya zege, chumvi haipiti. Kwa hiyo mwenye nyumba anapolipia sakafu, anaokoa nyumba yake.

Dar hatuna barafu wala chumvi ya barabarani. Tuna oili chafu, vumbi, mvua za masika, na nati ya milimita 10 iliyodondoka na kuzama kwenye mchanga mweusi wakati mteja anapiga simu kila baada ya robo saa. Kwenye sakafu nyeupe nati hiyo unaiona ukiwa umesimama. Gari linalovuja unaliona lilipo na linavuja nini. Oili iliyomwagika unaipiga kwa maranda na kufagia, haiendi ardhini kusubiri mvua iipeleke mtaroni. Na mtu wa miaka 58 anasukuma kitanda chake chenye magurudumu chini ya gari badala ya kujiburuta kwa viwiko. Ukinipimia sababu zao na zetu, zetu ni nzito zaidi.

Nieleze kidogo sakafu yenyewe, maana nyumbani wengi wakiisikia wanadhani ni rangi. Rangi hukauka, epoksi haikauki. Ni vitu viwili, resini na dawa ya kuigandisha, ukivichanganya vinashikana na kuwa kitu kimoja kigumu kama plastiki nzito. Unamwaga tabaka la kwanza, unalitandaza, na likiwa bado bichi unalirushia punje za kwatzi kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku, mpaka tabaka lishindwe kumeza zaidi. Likishaganda unafagia zilizobaki na kufunika kwa tabaka la juu. Kinachokanyagwa ni jiwe, resini inalishikilia tu. Na kwatzi ni jiwe gumu kuliko msumari. Waliokulia kwenye majengo ya zamani ya mjini wanaijua fikra hii: terazo ni vipande vya mawe ndani ya saruji, vikasagwa na kung'arishwa, na ziko ngazi za terazo Dar zimepandwa na miguu ya vizazi vitatu na bado zinapendeza. Kwa hiyo mtu asituambie hiki ni kitu cha Wazungu kisichotufaa.

Ila haifai kubebwa hivi hivi ilivyo. Hili nimelijifunza kwa hasara ya dada yangu.

Safari yangu ya kwanza kurudi likizo nilimtandikia dada sakafu ya banda la gari, Kunduchi. Kwake ukichimba kidogo unakuta maji. Mimi nilitazama juu tu: sakafu ilikuwa laini, kavu, fundi alikuwa ameipiga niru ikateleza kama kioo. Nikaisugua kidogo, nikamwaga. Ilipendeza, majirani wakaja kuiona. Masika ilipoingia dada akanitumia picha: malengelenge ukubwa wa sahani, ukilikanyaga moja linapasuka na maji yanatoka.

Makosa yalikuwa mawili, yote yangu. La kwanza, chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, hapakuwa na nailoni, kwa hiyo unyevu wa ardhini ulipanda kupitia zege, ukafika kwenye epoksi, ukakosa njia, ukaanza kuisukuma kutoka chini. Lipo jaribio rahisi ambalo ningelifanya huku Minneapolis bila kufikiria: unakata kipande cha nailoni sentimita 45 kwa 45, unakibandika sakafuni kwa tepu pande zote nne, unakiacha saa 16 au zaidi. Ukikuta majimaji chini yake au zege limegeuka jeusi, usimwage. Kwa dada sikulifanya kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa nyumbani.

La pili ni niru. Nasema hili kwa heshima, maana mafundi wetu wanaojua kupiga niru ni mafundi kweli. Lakini niru ni ngozi nyembamba ya saruji tupu, na epoksi inashika ngozi hiyo, haishiki zege. Ngozi ikibanduka, inaondoka na epoksi yake. Huku tunasaga uso wote kwa mashine ya almasi mpaka mchanga na kokoto zianze kuonekana, ndipo tunaanza. Mwenye nyumba aliyelipia niru ing'ae akikuona unaisaga yote atakasirika. Kwa hiyo ni bora fundi ajue mapema kwamba juu itakuja epoksi, asipige niru kabisa, na asizidishe maji kwenye zege ili limwagike kwa urahisi.

Hali ya hewa nayo ina masharti yake. Ndoo ya epoksi iliyochanganywa huku wakati wa baridi inanipa muda wa kutosha kufanya kazi bila kukimbia. Dar saa saba mchana ndoo ile ile inaanza kuchemka yenyewe mikononi mwako. Joto likipanda kwa nyuzi kama 10, muda wako unakatika karibu nusu. Unachanganya kidogo kidogo, unamwaga sakafuni papo hapo, ndoo haikai imejaa. Halafu kuna unyevu wa pwani. Zege likiwa baridi kiasi cha kukusanya umande, juu ya epoksi hutokea utando mweupe unaoteleza kama sabuni, na tabaka linalofuata halishiki. Kanuni ni sakafu iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia umande huanza kutokea.

Sasa mjomba. Mwaka juzi nilimwambia nataka kumtengenezea sakafu. Akanishukuru, kisha akasema, "Mjomba, wewe unafikiri mimi sipendi kusimama pakavu? Leo nimwage zege, kesho mwenye kiwanja aniambie anajenga fremu za maduka. Zege nitalibeba kichwani?"

Miaka yote nilikuwa najieleza kwamba tofauti ya huku na nyumbani ni hela na utaalamu. Lakini gereji nyingi za mitaani Dar zimekaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, bila mkataba, kwa kodi ya mwezi na maneno ya mdomo. Mwembe ndio paa, na mtu hawezi kuwekeza chini ya miguu yake kitu asichoweza kuondoka nacho. Ndiyo maana fundi anayeweza kufungua gearbox ya basi akaifunga bila kitabu bado analala kwenye boksi. Ananunua jeki mpya, ananunua mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kwa sababu hivyo vinahamishika.

Basi tulianzia kwa mwenye kiwanja. Nilikwenda na mjomba, nikampa mzee shikamoo, tukakaa, tukaongea siku tatu tofauti. Tulikubaliana miaka mitatu kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na gharama ya zege ikakatwa kwenye kodi kidogo kidogo. Kwake yeye lilikuwa jambo la maana: zege linabaki kwake. Nashangaa wenye viwanja hawalifanyi wenyewe.

Tulimwaga jamvi la mita 4 kwa 6 tu, sehemu ya gari moja, kifusi kikashindiliwa, nailoni ikatandikwa, mabati yakawekwa juu, maana jua huigeuza epoksi njano. Vijana wa gereji walilimwagilia maji siku saba, kisha tukaliacha likauke. Zege linahitaji siku 28 kabla ya kumwagiwa epoksi, na mimi nilichukua likizo ya wiki sita kwa ajili hiyo, Julai, kiangazi. Jaribio la nailoni likatoka kavu. Tulisaga, tukafagia, tukaanza saa kumi jioni wakati zege linaanza kupoa, maana likiwa linapata joto hutoa hewa na kuacha vitundu.

Kwenye kusaga tu ndipo nilipopandisha sauti. Kijana mmoja alishika grenda akiwa amejifunga fulana puani. Vumbi la zege na la kwatzi linaua mapafu polepole na hayaponi. Marekani kikomo cha silika, punje laini za kwatzi zilizo ndani ya vumbi hilo, ni maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa nane, na kwenye ujenzi kilianza kusimamiwa mwaka 2017. Kwetu sheria ya usalama kazini ipo tangu 2003, ila mbele ya grenda nilimkuta kijana na fulana. Niliwaletea barakoa zenye vichujio. Atakayeiga kazi hii aanze na hizo, na glavu pia, maana epoksi ikizoea ngozi yako siku moja ngozi inaikataa na huwezi kuigusa tena.

Sakafu imepita masika moja bila lengelenge. Mjomba anasema wateja sasa wanasubiri zamu ya kuwekwa "pale peupe", hata wa kubadilisha oili tu. Mkataba wake unaisha Desemba mwakani. Nimeshaanza kumpigia simu mwenye kiwanja, na safari hii namwomba miaka kumi.