Nenosiri Limeondoka na Mkandarasi

Mwulize meneja wa kiwanda nani anashika ufunguo wa stoo, atakujibu hujamaliza swali. Mwulize nani anashika nenosiri la swichi ya mtandao iliyomo kwenye kabati la umeme pale karibu na pampu, ataanza kupiga simu. Fundi mkuu wa umeme atasema mambo ya mtandao ni ya kijana wa kompyuta. Kijana wa kompyuta atasema yeye ni wa ofisini, kazi yake barua pepe na printa, huko kwenye mitambo haingii. Mwisho atatokea mzee mmoja aliyekuwepo tangu kiwanda kinajengwa, aseme, "Bosi, hiyo iliwekwa na mkandarasi. Sisi tunaiona inawaka taa tu."

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati mifumo ya kuendeshea mitambo, na jibu hilo nimelisikia Namanve, Njeru, Tororo na kwingineko hapa Uganda. Ndiyo maana semina za usalama wa mtandao kwenye hoteli za Kampala hunichosha. Tunaonyeshwa picha za wadukuzi waliojifunika kofia gizani, tunauziwa programu za bei ya gari, kisha tunakula chakula cha mchana na kurudi kwenye kabati ambalo halina mwenyewe. Mimi naamini tatizo letu la kwanza ni hilo la umiliki. Mengine yote yanakuja nyuma yake.

Vifaa ninavyovisemea ni vidogo: swichi zinazopachikwa kwenye reli ya chuma ndani ya kabati, ruta zenye laini ya simu, vigeuzi vinavyounganisha waya wa mawasiliano wa zamani na mtandao wa kisasa, na kontrola zenyewe zinazoamuru pampu na vali. Kila kimoja ni kompyuta kamili, na vingi vina ukurasa wa mipangilio na akaunti ya msimamizi. Kompyuta ya ofisini ikifika miaka mitano tunaililia ibadilishwe. Hivi vya kabatini vinakaa miaka kumi na tano, ishirini, bila mtu kuvigusa, na tunajisifu kwamba ni imara. Ni imara kweli. Programu dhibiti, ile programu iliyomo ndani inayokiendesha kifaa chenyewe, ndiyo imezeeka.

Halafu kuna lugha vinavyoongea. Modbus, ambayo bado iko kila mahali, ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon. Zama hizo waya ulitoka kwenye kontrola ukaishia kwenye mashine ya jirani, na yeyote aliyeweza kuushika alikuwa ameshapita kwa askari wa getini. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu wewe ni nani. Leo Modbus hiyohiyo inasafiri kwenye mtandao wa kawaida, na bado haiulizi. Ukiifikia kontrola ukaiambia zima pampu, inazima.

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma ya uzembe wetu. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Justin W. Clarke, alitangaza alichokikuta kwenye swichi za kampuni ya RuggedCom, zilizokuwa zikitumika katika vituo vya umeme na reli. Zilikuwa na akaunti ya siri iliyoitwa "factory", ambayo mteja hakuweza kuifuta, na nenosiri lake lilikokotolewa kutokana na namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Namba hiyo swichi ilikuonyesha pale pale unapotaka kuingia! Clarke alikuwa amewaarifu RuggedCom wenyewe mwaka mmoja kabla. Vifaa alivyovifanyia uchunguzi alivinunua vilivyotumika, kwenye mnada wa mtandaoni. Nawaza jinsi mitumba ya viwandani inavyotiririka kuja kwetu, na nani anauliza hizo swichi zimetokea wapi.

Kuna sentensi moja inayonikera kuliko zote: "Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?" Novemba 2023 mamlaka ya maji ya Aliquippa, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, ilikuta skrini ya kontrola kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji ikionyesha ujumbe wa kundi linalojiita CyberAv3ngers, ambalo serikali ya Marekani inalihusisha na Iran. Kontrola ilikuwa ya Unitronics, kampuni ya Israel. Hiyo peke yake ilitosha. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vimeachwa wazi kwenye intaneti, na nenosiri vilivyotoka nalo kiwandani lilikuwa 1111. Hakuna aliyekaa kikao cha kuichagua Aliquippa. Walitafuta chapa ya kifaa, na kuna injini za kutafuta kama Shodan, iliyoanza mwaka 2009, ambazo kazi yake ni hiyo: kupita duniani kote zikiandika kifaa gani kinajibu kwenye anwani gani. Pampu ya Mukono ikiwa na anwani ya wazi, inaorodheshwa sawasawa na ya Pennsylvania.

Ila kisa ninachokirudia kila nikipewa nafasi ya kuongea na mafundi ni cha Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 washambuliaji waliingia kwenye kampuni tatu za kusambaza umeme, wakafungua vikata umeme (kukifungua ndiko kukata umeme, kukifunga ni kuurudisha) kwa kutumia kompyuta za waendeshaji wenyewe, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Watu wengi hukomea hapo. Sehemu inayotuhusu ni iliyofuata: washambuliaji walipeleka programu dhibiti mbovu kwenye vile vigeuzi vya mawasiliano vituoni, vikafa papo hapo. Kwa hiyo hata baada ya waendeshaji kurudishiwa kompyuta zao, amri hazikufika popote. Kigeuzi cha namna hiyo ni kiboksi unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, na kwenye michoro yetu mara nyingi hata hakichorwi. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni, wakafunga vikata umeme kwa mikono. Walikuwa bado wanajua jinsi ya kufanya hivyo. Hapo huwauliza vijana wetu: ninyi mnajua? Maana nimeona vituo ambavyo swichi ya kuchagua kati ya mkono na otomatiki imevunjika, na hakuna anayeona haraka ya kuibadilisha.

Sasa tazama tunakokwenda. Bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yetu yana nta nyingi ni lazima lipashwe joto njia nzima. Kitu kirefu namna hiyo hakiendeshwi kwa kupiga kelele. Kinaendeshwa kwa vifaa hivihivi, porini, maelfu ya saa bila binadamu karibu. Na hapo sijagusa viwanda vya saruji, sukari, maziwa na soda.

Mwezi Novemba 2024, Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, alipokiri bungeni kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zilikuwa zimedukuliwa, nchi nzima ilizungumza. Ilistahili. Pesa ikiibiwa kila mtu anajua cha kuuliza. Pampu ikizimika tunasema ni umeme, ni Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, imeisha, ni kutu, tunaiwasha tena na maisha yanaendelea. Hata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 tunaijua kwa kesi za watu walioandika maneno mtandaoni. Wachache wanakumbuka kwamba sheria hiyohiyo inatoa adhabu kali zaidi kwa anayeingilia kompyuta za huduma za umma. Lakini ni adhabu kwa aliyeingia. Mwenye mtambo aliyeacha 1111 miaka saba hana wa kumuuliza.

Niseme jinsi mambo yanavyoharibika hapa kwetu, kwa sababu hayaharibiki kama vitabuni. Radi, kwanza. Tunaishi pembeni mwa Ziwa Viktoria, na kila msimu wa mvua radi inaondoka na swichi. Uzalishaji umesimama, meneja anafoka, fundi anachukua swichi ya akiba, anaitoa kwenye boksi, anachomeka nyaya, taa zinawaka, kila mtu anashukuru Mungu. Swichi ile imeingia kazini na mipangilio ya kiwandani na nenosiri lililoandikwa kwenye kitabu chake cha maelekezo. Baada ya misimu michache, kazi yote nzuri ya usalama iliyofanywa siku ya kwanza imefutwa na mawingu. Dawa yake haina gharama: nakala ya mipangilio ya kila kifaa, kwenye diski mbili, na fundi wa zamu aliyefundishwa kuipakia.

Pili, kamera. Anakuja kijana wa kufunga kamera za ulinzi, anaona kwenye kabati kuna tundu la mtandao lililo wazi, anachomeka. Kamera zinahitaji kuonekana kwenye simu ya mkurugenzi akiwa Dubai, kwa hiyo anafungua njia ya kutoka intaneti. Tangu siku hiyo kontrola ya boila na intaneti wanalala chumba kimoja. Kompyuta ya mizani ya malori hufanya vilevile, mguu mmoja ofisini na mwingine mitamboni.

Tatu ni laini ya simu ndani ya ruta, aliyoiacha mkandarasi ili asaidie akiwa mbali. Siipingi, kuna mashine hapa ambazo mtaalamu wake yuko Ujerumani au India, na kumsubiri apande ndege ni hasara. Ila iwe kwenye njia ya binafsi ambayo kampuni ya simu inaweza kukutengea, isiyo na anwani ya wazi, na iwashwe kwa ombi, izimwe kazi ikiisha. Wapo wanaoweka swichi ya kawaida ya umeme kwenye mlango wa kabati kuiwasha na kuizima ruta. Wataalamu wa semina watacheka. Mimi naipenda kuliko programu zao, kwa sababu askari wa usiku anaweza kuona kama imewashwa.

Kuhusu kusasisha programu dhibiti, sikubaliani na wanaosema sasisha kila kitu mara moja. Kiwanda cha sukari kikiwa kinasaga miwa huwezi kukizima kwa ajili ya swichi, na sasisho likikwama katikati umejifanyia mwenyewe kile washambuliaji walichofanya Ukraine. Subiri matengenezo ya mwaka, jaribu kwanza kwenye kifaa cha akiba. Wakati unasubiri, kitenge kifaa: weka ukuta wa moto, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano, kati ya ofisi na mitambo, uruhusu zile njia chache zinazohitajika na kufunga nyingine zote. Kifaa chenye udhaifu ambacho hakuna anayekifikia kinaweza kusubiri. Kilicho wazi kwenye intaneti hakiwezi kusubiri hata Jumatatu.

Narudi kwenye umiliki, maana bila mwenyewe hakuna litakalofanyika kati ya hayo. Umeme Limited, kampuni binafsi iliyokuwa ikitusambazia umeme, ilipomaliza mkataba wake tarehe 31 Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua usambazaji, magazeti yaliandika sana juu ya fidia, mamilioni mangapi ya dola nani amlipe nani. Sisemi kwamba makabidhiano ya kiufundi hayakufanyika vizuri. Nasema katika mjadala wa wananchi sikusikia swali hata moja kuhusu akaunti na manenosiri, wakati nguzo na transfoma zilijadiliwa mpaka kwenye bodaboda.

Mahali pa kulimaliza jambo hili ni kwenye mkataba. Miradi mingi huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Ongezeni sharti moja: hiyo pesa haitoki mpaka kuwe na orodha ya kila kifaa chenye anwani, kwa jina, mahali kilipo na toleo la programu yake, na mtu wa kiwandani, aliyetajwa kwa cheo, awe ametia saini kwamba ni vyake. Kisha makabidhiano yafanyike mbele ya makabati. Fundi wetu abadilishe nenosiri yeye mwenyewe, aliandike, alitie kwenye bahasha ya sefu ya meneja. Mkandarasi ajaribu kuingia kwa nenosiri lake la zamani, kifaa baada ya kifaa. Likikataa kwenye vyote, hundi isainiwe.