Sayansi, sanaa na jamii kwenye kazi moja: nani hasa anafaidika?

Kila zikitajwa hizi kazi zinazochanganya sayansi, sanaa na harakati za kijamii, ubishi ni ule ule. Wapo wanaosema mshika mbili moja humponyoka, sasa huyu kashika tatu, atafanya ipi vizuri? Na wapo wanaosema matatizo yenyewe, tabianchi, sumu kwenye udongo, magonjwa, hayajagawanywa kwa idara kama vyuo vilivyogawanywa, kwahiyo ukijifungia kwenye idara yako utaishia kuona kipande tu. Mimi nakubali pande zote zina hoja. Ila naona wote wanabishania sayansi na sanaa, hivyo viwili tu, halafu kile cha tatu, yaani watu ambao kazi yenyewe inasema inawahusu, kinapita bila kuulizwa, na huko ndo kazi nyingi zinakofeli.

Kwanza tuelewane kwamba sio fasheni ya juzi. Maria Sibylla Merian alisafiri mwaka 1699 kwenda Suriname, Amerika Kusini, kuchora wadudu, na kitabu chake kilichotoka 1705 kilimwonyesha mdudu kuanzia yai, kiwavi mpaka kipepeo, akiwa juu ya mmea anaoula, kitu ambacho wataalamu wengi wa wakati huo hawakukifanya, wao walikuwa wanachora kipepeo peke yake kama pambo. Santiago Ramón y Cajal aliyepata Nobel 1906 alikuwa anaangalia seli za ubongo kwenye hadubini na kuzichora kwa mkono, na michoro ile inatumika kufundishia mpaka leo. Kwa watu kama hawa huwezi kusema sanaa ilikuwa kazi ya pembeni, kuchora ndo ilikuwa njia yao ya kuona, mkono unamlazimisha mtu aangalie kitu ambacho jicho lingekiruka.

Sasa turudi kwa Merian, maana kuna kitu watu wakimsifia wanakiruka. Kwenye kitabu chake aliandika kuhusu ua moja ambalo wanawake watumwa walimwambia wanatumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Fikiria uzito wa hiyo habari. Ni elimu ya mimea, ni ushahidi wa ukatili, na imetoka midomoni mwa watu waliokuwa wanaumia siku hiyo hiyo anayoandika. Sisi tunalijua jina la Merian, ya wale wanawake hatuyajui. Ninamheshimu kwa kuiandika kabisa, wengine wangeifuta. Lakini mpangilio ule, mmoja anasaini kazi na wengine wanabaki kuwa chanzo cha habari, haujaisha mpaka leo, umebadilisha nguo tu.

Upande wa wanaotetea, mfano ambao ni mgumu kuupinga ni muuguzi Florence Nightingale. Mwaka 1858 alitoa ile chati yake ya duara iliyokatwa vipande kuonyesha wanajeshi wa Uingereza kwenye vita ya Crimea walivyokufa, na kikubwa kilichoonekana ni kwamba wengi waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha ya vita. Takwimu alizifanyia kazi na William Farr, mtaalamu wa hesabu za vifo, na zilikuwepo pia kwa namba tupu kwenye majedwali, lakini alijua kabisa wakubwa serikalini hawatasoma majedwali. Akatumia rangi na umbo kuwabana. Ukiangalia pale, sayansi ingeweza kukaguliwa, mchoro ulikuwa na kazi ya kufanya, na kulikuwa na mtu maalumu aliyetakiwa abadilishe kitu maalumu, usafi wa hospitali za jeshi.

Leo kitu cha karibu na hicho ni mistari ya joto ya Ed Hawkins, mwanasayansi wa hali ya hewa wa chuo kikuu cha Reading, aliyoitoa 2018. Kila mstari ni mwaka mmoja, buluu ukiwa wa baridi na mwekundu ukiwa wa joto, hamna namba wala neno hata moja. Mtoto anaelewa na profesa anaelewa. Wapinzani wanasema ni nzuri mno, watu wanaivaa kwenye tai na skafu halafu basi, ile nyekundu ya kutisha imekuwa urembo. Hoja hiyo siipuuzi, kwasababu mistari ile inakwambia kuna joto lakini haikwambii nani afanye nini. Ila naona wanaidai kazi isiyokuwa yake. Ilikusudiwa watu waanze kuongea, na wameongea.

Kazi inayonipa shida zaidi ni ile ya barafu ya msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing. Walichukua mapande ya barafu yaliyokuwa yameshakatika na kuelea baharini Greenland, wakayaweka katikati ya mji watu wayaguse yakiyeyuka, Copenhagen 2014, Paris 2015 wakati wa mkutano wa tabianchi, London 2018. Pale Paris yalikuwa mapande 12, jumla karibu tani 80, na hesabu ya hewa ukaa iliyotokana na kazi nzima ilitolewa hadharani, takriban tani 30. Wanaopinga wanasema unasafirisha barafu kwa meli na lori kuwaambia watu wapunguze moshi, hiyo ni nini sasa? Wanaotetea wanasema kugusa barafu ya maelfu ya miaka ikifa mkononi mwako ni tofauti na kusoma ripoti, na tani 30 ni kidogo ukilinganisha na wajumbe wote walioruka kwa ndege kwenda kwenye huo mkutano. Kwa hapo niko na wanaotetea, na kutoa hesabu yako mwenyewe hadharani ni uungwana ambao wasanii wengi hawana. Kinachonisumbua ni kwamba watu wa Greenland ambao barafu ndo maisha yao hawaonekani pale. Rosing mwenyewe kazaliwa Greenland, hilo lina uzito, lakini mtu mmoja kwenye timu sio sawa na jamii kuwa na sauti. Mpita njia wa Paris anagusa, anapiga picha, anaguswa moyo, anaenda zake.

Halafu kuna kazi ambazo mimi naziweka kwenye fungu baya kabisa. Mwaka 2000 msanii Eduardo Kac alitangaza sungura aitwae Alba, mwenye jeni ya yavuyavu inayomfanya atoe mwanga wa kijani akimulikwa mwanga wa buluu, aliyetoka kwenye maabara moja Ufaransa. Maabara ikakataa kumtoa sungura, na ugomvi ukawa mkubwa. Msanii alisema anataka jamii ijadili uhandisi wa jeni na huyo mnyama aishi na familia yake kama kiumbe, sio kama kifaa. Mjadala ulitokea kweli, siwezi kukataa. Lakini teknolojia ya kung'arisha wanyama kwa jeni ile ilikuwa tayari inatumika maabara, kwahiyo sayansi haikuongezeka kitu, na jamii ilihusishwa kwa maana ya kushtuliwa tu. Kumshtua mtu sio kumshirikisha.

Linganisha na kazi iitwayo Revival Field ya msanii Mel Chin ambayo kwa maoni yangu inajibu vizuri sana wale wa mshika mbili. Rufus Chaney, mwanasayansi wa wizara ya kilimo ya Marekani, alikuwa na wazo toka miaka ya 80 kwamba kuna mimea inayonyonya metali kama zinki na kadmiamu kutoka ardhini, ukiivuna na kuichoma unaondoa sumu kidogo kidogo. Hela ya kulijaribu shambani hakuwa nayo. Chin akamtafuta, wakapanda mimea mwaka 1991 kwenye dampo moja St. Paul, Minnesota, na hela ya sanaa ndo iliyosukuma jaribio la kisayansi. Ruzuku yenyewe ya shirika la taifa la sanaa ilikataliwa kwanza na mkuu wa shirika, Chin akaenda kuipigania mpaka ikarudishwa. Na ilikuwa jaribio la kweli, yaani ingeweza kushindwa mbele ya kila mtu, ila mmea mmoja ulionyesha unabeba kadmiamu vizuri. Hapo msanii hakupamba utafiti wa mtu, alifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Lakini hata hiyo niipendayo ilikuwa ndani ya uzio. Majirani wa dampo hawakuwa na nafasi kubwa ndani yake, na njia yenyewe ni ya taratibu sana, miaka na miaka, mtu anayeishi jirani na sumu leo hawezi kula subira.

Upande mwingine wa sarafu ni kwamba jina la sanaa linaweza kuidhuru kazi. Kikundi cha watafiti cha Forensic Architecture, kilichopo chuo cha Goldsmiths London toka 2010, kilichunguza mauaji ya Halit Yozgat, kijana aliyeuawa 2006 na wanazi mamboleo kwenye intaneti kafe ya familia yake mjini Kassel Ujerumani, ambapo afisa mmoja wa usalama alikuwepo na akasema hakuona wala kusikia kitu. Walijenga chumba kile kwa ukubwa wake halisi, wakapima sauti, harufu na upeo wa macho, wakaona maelezo ya afisa hayakubaliki kirahisi. Kazi ikaonyeshwa 2017 kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, hapo hapo Kassel. Na kuna wanasiasa waliitumia hiyo hiyo kuikataa, hawa wasanii bwana, sio wataalamu. Hapo wale wanaosema kila mtu abaki kwenye fani yake wana hoja nzito, ushahidi ukiingia jumba la maonyesho unapata macho mengi lakini unampa mpinzani fimbo ya kukupigia. Ila kumbuka kwanini ilifika huko, ni kwasababu njia za kawaida zilishafungwa, na waliotaka uchunguzi huo ni wanaharakati waliosimama pamoja na familia za waliouawa. Waliolengwa ndo waliouliza swali. Kwangu hiyo inapita yote.

Chin tena, miaka ya baadaye New Orleans, aliingia kwenye suala la risasi, ile metali yenye sumu sio ya bunduki, iliyojaa kwenye udongo wa mji, ambayo mwanasayansi Howard Mielke alikuwa ameipima kwa muda mrefu na kuihusisha na damu ya watoto. Watoto wakaombwa wachore noti zao za dola mia, lengo zifike milioni tatu, halafu zipelekwe kwa wabunge wazibadilishe kwa pesa halisi, dola milioni 300. Zilichorwa laki kadhaa. Bunge halikubadilisha. Mwenye kupinga atasema basi imefeli, na kwa kipimo cha pesa imefeli, tusizunguke. Lakini njia iliyokuwa inasukumwa pamoja na noti zile, ya kuchanganya mifupa ya samaki iliyosagwa kwenye udongo ili fosfati yake iikamate risasi, ilikuja kutumiwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani kwenye mtaa wa South Prescott, Oakland, na wakazi waliajiriwa kwenye kazi hiyo.

Kwahiyo mimi msimamo wangu uko hivi. Anayetoa pesa kwa kazi za namna hii aache kuuliza kama ina mwanasayansi na msanii, hao wanapatikana na wakikaa meza moja wanapendana haraka. Aulize nani kati ya wale wanaoumia alikuwepo wakati swali linatungwa, na kama wana uwezo wa kusema hapana. Aulize pia maonyesho yakifungwa nani anabaki pale mtaani na ana mshahara wa kukaa. Na vyuo navyo vihesabu hiyo miezi ya kukaa na watu kama kazi, kwasababu mtafiti kijana leo akitumia mwaka mzima kwenye vikao vya mtaa anapandishwa cheo kwa makala alizochapisha tu, ule mwaka kwenye karatasi yake unaonekana kama alikuwa amelala.