Ramanujan alikuwa karani wa bandari

Kila anapotajwa mwanahesabu Srinivasa Ramanujan barazani hapa Lamu, hadithi ni ile ile: Mhindi maskini, mungu wake akimwotesha fomula, Mwingereza akamvumbua, akafa na miaka 32. "Wenye akili hawakai," mzee mmoja atasema, kahawa itazungushwa, yamekwisha. Hadithi hiyo hunikera. Inamruka mtu ninayemwona mkubwa kuliko wote: bosi wake kazini.

Ramanujan alizaliwa Erode, kusini mwa India, mwaka 1887. Chuoni alinyang'anywa ufadhili kwa kuwa hesabu ilimfanya asahau masomo mengine yote. Kwetu angekuwa na A ya hesabu na gredi ya wastani isiyomfikisha popote. Mwaka 1912 akapata ukarani katika bandari ya Madras, ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Karatasi ilikuwa ghali, basi alifanyia hesabu kwenye kibao cha kuandikia kwa chaki, akifuta kwa kiwiko maana kutafuta kitambaa kulimchelewesha. Daftarini aliingiza jibu tu. (Wanahesabu wamehangaika miongo na miongo kutafuta njia alizopitia.)

Mhasibu mkuu wa bandari, Narayana Iyer, naye alikuwa mgonjwa wa hesabu. Badala ya kumfokea karani wake, jioni alikaa naye, kila mmoja na kibao chake. Kisha akamsemea kwa mkubwa wa bandari, Francis Spring, naye akamshika mkono. Barua maarufu yenye hesabu zake, kwa Hardy, mwanahesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge na ndiye yule Mwingereza wa hadithi, ilitoka katika ofisi hiyo, Januari 1913. Wasomi wengine wa Uingereza walioandikiwa hawakumsaidia. Hardy alimsoma, akamwita Uingereza, na heshima yake anayo.

Mwaka 1918 Ramanujan aliingizwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani mgonjwa, na tarehe 26 Aprili 1920 akafariki. Alitibiwa kama mwenye kifua kikuu. Mtafiti mmoja aliyepitia kumbukumbu zake miaka mingi baadaye aliona huenda ilikuwa amiba ya ini, maradhi ambayo hata wakati ule yalitibika. Sasa hayo nayo tumsingizie Mungu?

Nasi tuna bandari mpya Kililana, na vijana wanazunguka na bahasha wakiomba ukarani. Fomu za basari nilizowahi kuwajazia wadogo zangu zina nafasi ya gredi ya wastani, sahihi ya chifu na muhuri. Mwalimu wa hesabu hakuachiwa hata mistari miwili ya kumsemea mtoto.