Kazi kwa mwanafunzi: ratiba anapanga nani?

Alfajiri pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kati ya watu wanaohesabu magunia ya dagaa yaliyoshuka kutoka visiwani, hukosi kijana mwenye daftari la chuo kwenye begi. Saa mbili ana kipindi chuoni Malimbe, upande mwingine wa jiji. Akifika anakaa nyuma, kwa sababu anajua ananuka, na kwa sababu usingizi hauna adabu.

Namtaja kwa kuwa mjadala wa kuwapa wanafunzi kazi kama sehemu ya msaada wa masomo huanza na swali lililopitwa: mwanafunzi afanye kazi au asifanye? Anafanya tayari. Boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, ikichelewa, anafanya zaidi.

Marekani walilipangia jambo hili utaratibu tangu 1964, enzi za Rais Lyndon Johnson. Mwenye uhitaji hupewa kazi ya saa chache kwa wiki, maktaba, maabara au ya kufundisha watoto wa jirani kusoma. Serikali kuu hubeba sehemu kubwa ya ujira, kwa kawaida hadi asilimia 75, na chuo au mwajiri humalizia.

Ukisikia hivyo unatamani ianze kesho. Lakini piga hesabu. Kima cha chini cha taifa kule ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo mengi yako juu ya hapo. Kwa saa 10 kila wiki, wiki 15 za muhula, unapata dola 1,087.50. Hiyo ni ya kula na kununua vitabu. Ada ya vyuo vingi vya Marekani haiwezi kuimaliza. Tena haiji kwa mkupuo, inaingia kadiri unavyofanya kazi, na ukipangiwa kiasi halafu ukakosa nafasi, unabaki na karatasi. Kwetu, ambako mtu anaweza kuzuiwa kuingia mtihani kwa sababu ya ada, mpango wa namna hiyo peke yake haumvushi.

Kwa upande mwingine, posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku, ni deni. Siku ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Ujira wa kupanga vitabu rafuni haumfuati mtu kazini. Kwa mtoto wa mvuvi wa Ukerewe hilo si jambo dogo.

Wapo wanaochomeka hapa Azimio la Musoma la 1974, lililowataka wahitimu wa kidato cha sita kulitumikia taifa na kufanya kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Mimi naona wanachanganya. Musoma ilitaka kuwatoa wasomi majivuno. Haikuwa njia ya kuwalipia masomo.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya akina mama wa usafi. Chuo kikipata vijana ambao sehemu kubwa ya ujira wao inalipwa na mtu mwingine, kitaendelea kuwaajiri hao mama kwa sababu gani? Sheria ya Marekani inakataza mwanafunzi kumwondoa mfanyakazi aliyepo. Hapa kipengele hicho kingeandikwa vizuri tu. Wa kukisimamia ndiye simwoni.

Hata hivyo naunga mkono, mradi kazi iwe ndani ya geti la chuo, saa ziwe na kikomo, na mkopo usipunguzwe hata senti kwa kisingizio kwamba "huyu ana kazi". Mkutubi anaijua ratiba ya mitihani, kaibandika mwenyewe mlangoni. Mwenye dagaa anafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na giza likiangukia wiki ya mitihani, magunia yatashuka Mwaloni vilevile na kijana ataitwa.